Malengelenge ya platini: usiilaumu tanuri

Mkuu, umesema filamu yako ya platini ya nanomita 300 juu ya kipande cha zirkonia yenye itria (kauri inayopitisha ayoni za oksijeni) imeota malengelenge kwenye nyuzi 400, baada ya kuiwekea volti chanya nusu saa, na mkondo wa umeme ukashuka wenyewe. Tanuri haina kosa: platini na zirkonia hutanuka karibu sawa.

Ukiweka chanya, ayoni za oksijeni hupita ndani ya zirkonia hadi chini ya platini, kila moja inaacha elektroni 2. Filamu yako imeshikamana kabisa, oksijeni haina pa kutokea. Nyingine inageuka oksidi ya platini pale mpakani, ndiyo inayobana mkondo. Nyingine inakuwa gesi na kuinua filamu kama chapati inavyovimba kwenye kikaango.

Anza na milivolti 50, panda taratibu, kisha geuza hasi uondoe oksidi. Kilele cha mkondo wakati wa kurudi hasi, oksidi inapoondoka, ndicho cha kupima chaji: tabaka moja la oksijeni ni kama maikrokulombi 420 kwa sentimita mraba ya eneo halisi la platini. Chaji ikizidi hapo mara kadhaa, oksidi imenenepa. Ila toa kwanza mkondo wa umeme unaotokana na oksijeni ya hewani, la sivyo hesabu itakudanganya.

Na hilo vumbi la Dodoma wakati wa kiangazi! Chembe moja chini ya filamu inatosha kuanzisha lengelenge. Osha kipande kwa asetoni, kisha spiriti safi, kikaushe kikiwa kimefunikwa. Palipokwisha kuvimba hapashikani tena. Kwangua, paka upya.