Fundi, trekta langu limejaa ujanja wa watu

SWALI: Shikamoo fundi. Nimenunua Massey Ferguson 135 kuukuu, nadhani mimi ni mtu wa nne kulimiliki. Aliyeniuzia aliapa kwamba limelima mahindi tu. Mbona basi kila nikishika spana nakutana na maajabu? Ringi za nyuma zimechomelewa vipande vya chuma, vinne kila upande. Kwenye manifoldi ya hewa kuna tundu limezibwa kwa bolti. Kule inakokaa temostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, ni jumba tupu. Mkono wa PTO, ile shafti ya nyuma inayozungusha mashine, umefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli usisogee. Na stata inawashwa kwa kitufe cha kengele ya mlangoni! Asubuhi linanisumbua mno kuwaka. Nining'oe vyote, nilirudishe lilivyotoka kiwandani?
— Msomaji, Njombe

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Weka spana chini kwanza. Kila aliyegusa hilo trekta alikuwa na shida iliyokuwa inamkaba siku hiyo. Ukiijua shida yake ndipo utajua kama dawa yake inakufaa wewe.

Tuanze na ringi, maana ndizo zilizomuumbua aliyekuuzia. Hivyo vipande ni masikio ya kufungia magurudumu ya chuma, yale ya fito yanayovalishwa ubavuni mwa tairi ili trekta lisizame kwenye majaruba. Nani analima mahindi na kitu hicho? Trekta lako limekula matope ya mpunga miaka mingi, tena huko bondeni kwenye joto. Yaache masikio, hayali chakula. Ila sasa umeshajua lilikotoka.

Bolti nayo ni ya huko huko bondeni. Lile tundu ni la kifaa cha kuwashia wakati wa baridi: waya wa ndani unapata moto, dizeli kidogo inadondokea hapo na kuwaka, hewa inaingia kwenye silinda ikiwa imepashwa. Kwenye joto ile injini yako ya Perkins ya silinda tatu inawaka bila kubembelezwa, kwa hiyo kifaa kilipoanza kuvuja mwenzio akaona bolti ni rahisi. Kwa bondeni hakukosea. Lakini Njombe mwezi wa saba, alfajiri, hata mwenye trekta anatoka na koti juu ya sweta! Rudisha kifaa chote, pamoja na kile kikopo chake kidogo cha dizeli na waya wa kutoka kwenye swichi ya ufunguo. Na ukishakirudisha, marufuku mtu kupuliza petroli au eta, ile dawa ya kopo ya kuwashia injini, mlangoni mwa hewa. Moto na eta vikikutana mle ndani utaokota vipande.

Kutoa temostati ni ugonjwa wa mafundi wetu, na mimi ujanani niliugua. Rejeta inajaa makapi, injini inachemka, fundi anatupa temostati na kudai hela yake. Huko kwenu matokeo yake ni injini kushinda baridi. Dizeli haiungui sawasawa, inaosha oili kwenye kuta za silinda, na silinda zinalika. Nunua temostati inayofunguka kwenye nyuzi 80 hivi. Rejeta isafishwe kabla, isije ikachemka tena ukamlaumu aliyekushauri.

Mpira wa baiskeli usiufungue shambani. Kwenye Massey hiyo pampu ya haidroli imo ndani ya tumbo la trekta na inazungushwa na mfumo wa PTO. Mkono ukirudi katikati, pampu inasimama, na plau haiinuki tena. Bila shaka mkono ulikuwa unaruka wenyewe, kwa sababu kijipini na springi vinavyoushika vimechoka. Vibadilishe, kisha ndiyo ukate mpira. Wakati unasubiri, hakikisha shafti ya nyuma ina kofia yake, maana imefungiwa kuzunguka na haichagui kanzu wala khanga.

Kitufe cha kengele ndicho kilichoninyima usingizi. Trekta hilo lina swichi ndogo inayoguswa na ule mkono mdogo wa gia, wa mwendo mzito na mwepesi. Mkono usipokuwa katikati, stata haipati umeme. Swichi ikala kutu, mtu akachoka kuhangaika, akavuta waya moja kwa moja. Karakana moja niliyofanya kazi kulikuwa na trekta la namna hiyo. Kijana akasimama chini, kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, akabonyeza huku akimwambia mwenzake habari za mpira wa jana. Gia ilikuwa ndani. Trekta likaondoka lenyewe na kubomoa ukuta wa choo. Yeye alitoka na kandambili moja, na siku nzima hakusema tena neno.

Kwa hiyo hicho kitoke leo, kabla ya temostati, kabla ya yote. Fungua swichi, safisha sehemu zake zinazogusana kupitisha umeme, ipime kwa balbu. Ikigoma nunua nyingine. Rudisha waya kwenye ufunguo. Kisha panda kitini, mkono mkubwa wa gia uwe huru, kanyaga klachi na breki, mkono mdogo uutie kwenye mwendo wowote, geuza ufunguo. Stata ikinyamaza, umefaulu. Urudishe katikati, geuza tena, liwake.

Kitufe usikitupe. Kifunge mlangoni kwako, wageni wapate pa kubonyeza.