Mama mwenye ugonjwa wa figo hatua ya 3: anzeni kwa kupunguza chumvi

Pole sana dada yangu. Umeuliza kama unga wa virutubisho aliouziwa mama utazuia figo zake, zilizofika hatua ya 3 kati ya 5 za ugonjwa, zisizidi kuchoka. Tafadhali usimpe kabla daktari hajasoma kilichoandikwa kwenye kopo. Ubelgiji, miaka ya 1990, dawa za mitishamba za kupunguza unene zenye aristolokia, mmea wenye sumu, ziliharibu kabisa figo za wanawake wengi. Hata vitamini C ya dozi kubwa huongeza oksaleti, kemikali inayoweza kuganda ndani ya figo na kuziumiza.

Kinachosaidia kweli ni kupunguza chumvi: isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na iliyomo kwenye mkate, viungo vya pakiti na samaki wa chumvi. Chumvi mbadala muiepuke, nyingi zina potasiamu, madini ambayo figo dhaifu hushindwa kuyatoa mwilini. Protini iwe takriban gramu 0.8 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Maharage na samaki asiache kabisa, atadhoofika. Ndizi na mchicha msimkataze mpaka kipimo cha damu kionyeshe potasiamu imepanda. Na kama anameza diklofenaki, dawa ya maumivu inayoweza kuumiza figo, kwa ajili ya magoti, mwambieni daktari mapema ambadilishie.