Barua kwa mwanangu: kuhusu kushika kijiti

Mwanangu,

Hapa nyumbani hatujambo, mvua zimeanza na mama yako yuko shambani. Ujumbe wako nimeusoma. Unasema chuo kimekupa nafasi ya kusomea ualimu wa muziki na uongozaji wa bendi za vyombo vya kupuliza, na mjomba wako kacheka: nani analipwa kwa kupunga kijiti wakati wanaotoka jasho ni wengine? Ukaniuliza kama kazi hiyo itakuweka mjini.

Itakuweka, ila kwa ualimu. Kijiti peke yake hakilipi kodi ya nyumba, si hapa tu, hata Marekani. Mtazame Frederick Fennell, mwongozaji wa bendi, mzaliwa wa Cleveland aliyeanzia kwenye ngoma. Mkate wake wa miaka mingi ulikuwa kufundisha, kwanza Eastman, shule ya muziki iliyoko Rochester, New York, baadaye Chuo Kikuu cha Miami. Mwaka 1952 alianzisha pale Eastman kundi ambalo mpango wake aliufikiria akiwa mgonjwa hospitalini. Bendi za wakati huo zilijaza watu, klarineti chungu nzima zikipuliza sauti ileile. Yeye akataka, kadiri inavyowezekana, mpulizaji mmoja kwa kila sauti. Waliozoea kutegea wakakosa pa kutegea. Akawaandikia watunzi barua, akawaomba kazi mpya za kundi la namna hiyo, na rekodi alizofanya na kampuni ya Mercury zikawa darasa kwa walimu wa bendi ambao hawakuwahi kumwona. Mwaka 1984, umri wake ukigonga miaka 70, Tokyo Kosei Wind Orchestra, bendi ya vyombo vya kupuliza ya Japani, ikamchukua awe mwongozaji wake. Mjomba wako amtafutie kasoro huyo.

Sasa hicho kijiti. Mwanangu, wewe umepuliza tarumbeta usharikani tangu utoto, unajua ukisoma nota ya C inatoka sauti ya B flati. Saksofoni ya alto ikisoma C hiyohiyo inatoka E flati, na honi ya F inatoka F. Mwongozaji anasoma mistari yote hiyo kwa wakati mmoja, na anatakiwa amjue aliyekosea huku muziki unaendelea. Tena vyombo havina tabia moja. Filimbi ikipulizwa kwa nguvu sauti yake hupanda juu ya nota inayotakiwa. Klarineti ikipulizwa kwa nguvu hushuka chini yake. Ukiwaambia wote "ongezeni!" bila kujua hilo, umewagombanisha mwenyewe, halafu utawalaumu watoto wa watu. Na unaikumbuka ile baridi yetu ya alfajiri, sauti za matarumbeta yote zikiwa chini. Anayeijua kazi huwaacha wapulize kwanza, mabomba yapate joto, ndipo aanze kulinganisha sauti.

Hayo hufanyika kwenye mazoezi, siku ambayo mjomba hayupo. Yeye huja siku ya sherehe, amevaa suti.

Ninachokiogopea ni kitu kingine: wewe unapenda mno kupuliza. Mwongozaji anakaa mwaka mzima bila kutoa hata nota moja. Wapo wapulizaji wazuri walioshindwa hapo, wakarudi kwenye viti vyao, na si aibu.

Kwa hiyo kabla hujajibu chuo, Jumamosi nenda mazoezini bila tarumbeta. Mwombe mwalimu wa bendi akupe nusu saa na vijana wanaoanza, uwafundishe tenzi moja yenye sauti nne. Ukitoka hapo nipigie, tuongee habari ya ada.

Baba yako