Mkataba wa konsoli moja: saini, ila angalia muda

Mdogo wangu, unauliza kama usaini mkataba wa kutoa gemu yako kwenye konsoli (mashine ya kuchezea gemu) moja tu kwa mwaka mzima. Kama pesa yao itakumalizia kazi, saini. Ila soma kipengele cha muda: mwaka unaanza kuhesabiwa lini, siku ya kusaini au siku gemu inatoka? Hapo ndipo watu hunasa.

Enzi za NES, konsoli ya Nintendo, kule Marekani, Nintendo iliruhusu kila kampuni ya nje gemu 5 tu kwa mwaka, na gemu haikwenda konsoli nyingine kwa miaka 2. Konami, moja ya kampuni hizo, ikafungua jina la pembeni, Ultra Games, ipate kutoa zaidi. (Ujanja huo nauvulia kofia.) Wewe huna ubavu huo, omba miezi 6, na toleo la kompyuta libaki lako.