Kwa mnaoanza kuchora watu wetu kwa rangi

Wadogo zangu, kahawia moja haitoshi kuchora watu wa Lubumbashi, mji wetu huu wa Kongo. Kazi nyingi mnazoniletea zina wanawake wa kila umbo, misuko ya kila namna na vikwembe (vitenge) vinavyowaka, lakini ngozi ni ile ile kwa wote. Hapo mmechora nguo tofauti, siyo watu tofauti.

Nendeni sokoni, komini ya Kenya, mtaa wa hapa hapa mjini, jua likishapanda. Mtazameni mama anayeuza lengalenga (mchicha), kwa adabu, na mumnunulie fungu. Paji la uso linalopigwa na jua lina ubuluu kidogo, maana linarudisha mwanga wa anga. Chini ya kidevu mtaona wekundu: ni mwanga uliogonga udongo wetu mwekundu ukapanda juu. Basi nyeusi ya tyubu iacheni kwanza. Changanyeni kahawia nyekundu na buluu nzito ya ultramarini, mtapata weusi ulio hai. Buluu ikizidi ngozi inapoa, wekundu ukizidi inapata joto. Mtu mweusi tititi msimpaushe ili aonekane. Mtieni mwanga pale panapong'aa tu. Kumpausha mtu ili apendeze ni kazi ya wauza krimu za kujichubua, siyo yetu.

Kwenye kikwembe, wanaochorea tableti wana tabia ya kubandika maua bapa. Kitambaa kikizunguka kiuno, maua nayo yanapinda. Kwenye mshono yanakatika nusu kwa nusu. Na kikwembe kikiwa na makeke, ukuta wa nyuma uwe mtulivu.

Alama za mila zinataka uangalifu zaidi. Kinyago cha Mwana Pwo cha Wachokwe, kinachotukuza uzuri wa mwanamke, huwa na chale za machozi chini ya macho. Kinapendeza, najua. Lakini ukizihamishia chale hizo kwenye uso wa bibi wa Kiluba kwa kuwa zinajaza nafasi, wazee watacheka, na watakuwa na haki. Waulizeni wenye mila kabla ya kuchora. Jumba la makumbusho la taifa nalo liko hapa hapa mjini.

Kuhusu kutafuta mkono wako, mifano tunayo nyumbani. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa karakana iliyokuja kujulikana kama Hangar, na hakutaka wanafunzi wake waige wachoraji wa Ulaya. Bela alipaka kwa ncha za vidole. Mwenze Kibwanga alijaza picha kwa mistari mifupi iliyosongamana. Pilipili Mulongoy alichora ndege, samaki na nyoka kwa subira ya ajabu. Karakana moja, na huwezi kuwachanganya. Mimi naona hilo lina faida kuliko kukesha mkiiga mitindo ya kwenye simu.

Kabla ya kulipia chapa nyingi, chapeni kwanza kipande chenye uso, kwa kuwa rangi kali za kwenye skrini hufifia zikifika kwenye karatasi. Bei semeni mapema, na nusu iwe mkononi.

Kuna mteja atakayeomba bibi arusi "ang'arishwe kidogo". Mimi humwomba picha ya huyo dada iliyopigwa nje mchana, naiweka kando ya mchoro, tunatazama pamoja. Wengi huliacha ombi hapo hapo. Anayeshikilia namrudishia pesa yake.