Hiyo ni kawaida, mama

Juzi nilipita saiti moja huko Goba kumsalimia kijana niliyemfundisha kushika mwiko. Nikamkuta katikati ya sebule, mikono kiunoni, anamwambia mwenye nyumba: "Hiyo ni kawaida, mama, itakaa sawa ikikauka." Kona ya tailizi imepanda kiasi cha kung'oa kucha ya mtu. Nilitoka nje nikacheka, kisha nikakasirika, maana maneno yale nayajua. Niliyatumia miaka na miaka.

Haya, madogo mnaojifunza kulaza tailizi, sogeeni.

1. Kagua sakafu kabla hujataja bei. Weka pimamaji, vuta uzi, pima kona kwa tatu-nne-tano: upande mmoja tatu, wa pili nne, mshazari ukitoka tano kona imenyooka. Ukishataja bei halafu ukakuta bonde mlangoni, bonde hilo ni lako.

2. Soma maboksi. Namba za toni, yaani za rangi ya tailizi, zisipofanana, rudisha dukani kabla hujafungua. Boksi la 60 kwa 60 lenye vipande vinne ni mita 1.44 za mraba. Ongeza asilimia 10 ya kukata. Ukimwambia mteja "tutaongezea zikipungua", zitapungua siku ambayo toni ile imekwisha mjini.

3. Gundi ya tailizi. Hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 2014 nilipewa sebule ya mwalimu mstaafu, mita 38 za mraba, tailizi za 60 kwa 60, zile ngumu zisizonywa maji. Mwalimu aliniuliza kama gundi ni lazima, maana kiinua mgongo kilikuwa kimeishia kwenye bati. Nilijua jibu. Tailizi isiyonywa maji haishikwi na saruji tupu hata uiloweke wiki nzima. Lakini niliogopa kazi itaenda kwa fundi mwingine, nikasema: "Saruji tu inatosha, Mwalimu, mbona wengi tunafanya hivyo." Hilo la wengi lilikuwa kweli.

Nikalaza kwa matonge matano, manne pembeni na moja katikati. Kule ukutani nikabananisha tailizi mpaka zikagusa lipu, sikuacha hata nafasi ya milimita tano ya kutanukia kwa joto, ambayo skatingi, ule ukanda wa chini ya ukuta, ingeifunika. Ilikuwa Septemba. Ilipendeza, nikapiga picha, nikapata kazi mbili kwa picha ile.

Januari, joto la Dar likiwa limekolea, saa nane usiku sebule ililia kama mlango unavunjwa. Mwalimu alijifungia chumbani akapiga kelele za mwizi. Majirani walipoingia na mapanga walikuta safu ya tailizi imesimama katikati ya sebule kama paa la nyumba, ncha kwa ncha.

Aliponipigia nikasema nini? Nikasema tailizi ni feki. Siku ya pili nikasema nyumba imetitia. Siku ya tatu sikupokea simu. Basi nikaitwa ofisi ya serikali ya mtaa, nikaenda na shati la kuchomekea, nimejiandaa kuzungumzia viwanda. Mwalimu hakubishana. Alifungua khanga, akatoa tailizi moja, akaigeuza mezani. Mgongo ulikuwa msafi kama sahani, maandishi ya kiwanda yanasomeka. Matonge yangu matano yalikuwa yamebaki sakafuni, kila moja mahali pake, yameshika vizuri sana sakafu. Mzee mmoja aliyewahi kuwa mwashi alipitisha kidole, akanitazama, akaomba maji ya kunywa.

Mwalimu akasema: "Mwanangu, mimi nilikuletea shida yangu ya hela. Ujuzi ulikuwa kwako."

Nilirudia sebule yote. Gundi, tailizi zilizovunjika, saidia fundi, vyote kwa mfuko wangu, na kwa miezi mitatu kila kazi niliyopata ililipa deni hilo. Mke wangu mpaka leo akiona mfuko wa gundi anausalimia shikamoo.

Mteja akikataa gundi, kataa kazi. Mwiko wa meno, jaza mgongo wote, kisha pita na mpini wa nyundo ukigonga. Inayolia debe tupu ing'oe leo ikiwa bado mbichi.

4. Bafuni, mwaga ndoo ya maji mteja akiwepo, kabla hujajaza grauti, ile ya kuziba nafasi kati ya tailizi. Maji yasipokwenda kwenye tundu yenyewe, usimfundishe mama mwenye nyumba kuyasukuma kwa ufagio.

5. Andikishaneni. Mita ngapi, nani ananunua nini, malipo kwa awamu, na kiasi kinachobaki hadi mteja akague mchana, si kwa taa ya simu. Kazi ya pili kwa Mwalimu nilileta karatasi niliyoandika mwenyewe. Alivaa miwani, akachukua kalamu nyekundu, akasahihisha "mita za miraba" na "garantii", akanipa saba juu ya kumi, ndipo akasaini.

6. Simu ya mteja mwenye hasira pokea mlio wa kwanza. Akikaa nayo siku tatu anakuja na shangazi zake.

Kwa Mwalimu huwa napita bado, sikukuu hasa. Ile tailizi ya ushahidi hakuitupa; ameilaza kibarazani chini ya jiko la mkaa, uso chini, mgongo juu. Chai ikiiva ananikaribisha nikae upande ule.