Fomu Isitangulie: Kwa Wauguzi Wapya Wanaohudumia Wagonjwa wa Kilatino Texas

Ndugu zangu mnaoanza kazi katika hospitali za Texas, wengi wa wagonjwa mtakaowahudumia ni Walatino, yaani watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na baadhi yao watakuja na saratani iliyokwisha kusambaa au figo zilizoshindwa kabisa. Tangu mwaka 1991, sheria ya Marekani inazitaka hospitali zimwulize kila mtu mzima anayelazwa kama ameandika maagizo kuhusu matibabu yake endapo atashindwa kujisemea. Nawasihi msianze mazungumzo hayo kwa kumkabidhi mtu fomu.

Kwanza mwulizeni mgonjwa angependa nani awepo. Katika familia nyingi za Kilatino jambo zito kama hili huamuliwa kwa pamoja, na huenda binti mkubwa akawa kando ya kitanda huku kaka aliyeko Mexico akisikiliza kwa simu. Hata hivyo, wapo wanaotaka kuelezwa kila kitu wao wenyewe kabla ya yeyote, ndiyo maana msikisie.

Aitwe mkalimani aliyesomea kazi hiyo, hata kama mjukuu anazijua lugha zote mbili, Kihispania na Kiingereza. Mtoto anayetakiwa kumwambia bibi yake kwamba dawa hazisaidii tena atayapunguza makali maneno ya daktari, nanyi mtaondoka mkiamini kuwa bibi ameelewa. Hata akiyafikisha yote, ni ukatili kumtwisha mtoto habari hiyo.

Familia ikisema inamwachia Mungu, msidhani imekataa kuzungumza. Kaeni, kisha mwulizeni mgonjwa angependa kuwa nyumbani au hospitalini, anaogopa nini zaidi, na kama angependa padri aitwe. Kwa majibu hayo mtajua anachokitaka kuliko kwa visanduku vya kuwekea alama. Wasio na vibali vya kuishi nchini huhitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu hawana Medicare, bima ya afya ya serikali ambayo hasa ni ya wazee, ya kulipia hospisi, yaani huduma ya kumtuliza mgonjwa anayekaribia mwisho wa maisha, na wengi wao huogopa kuandikisha majina. Mwiteni mapema ofisa ustawi wa jamii.

Baada ya hayo ndipo mgonjwa amteue kwa maandishi mwakilishi wa kumwamulia matibabu endapo atashindwa kujisemea. Asipomteua, sheria ya Texas humtazama kwanza mwenzi wa ndoa, kisha watoto wazima, kisha wazazi, na huenda mtu anayemwamini zaidi hayumo katika orodha hiyo. Hati hutiwa saini mbele ya mthibitishaji wa saini (notary) au mashahidi wawili, na angalau shahidi mmoja asiwe ndugu wa mgonjwa wala mhudumu wa hospitali anayemhudumia moja kwa moja.